Lengo ni Ahadi, na Ahadi ni Deni

Kila kizazi cha wazee kina malalamiko yake juu ya vijana, na malalamiko ya kizazi chetu ni kwamba vijana hawaoni mbali. Yasemwa kwamba mwanafunzi wa leo hawezi kukaa na kitabu saa moja pasipo kushika simu; kwamba huanza mambo kumi akamaliza mawili; kwamba ukimwuliza atakuwa nani baada ya miaka kumi hutaja jambo kubwa, na ukimwuliza atafanya nini kesho asubuhi hunyamaza. Sikatai kwamba mna kweli katika maneno haya. Nafundisha, nami nayaona. Ninalolikataa ni dawa mbili zinazotolewa kwa ajili ya ugonjwa huu, moja katika kumbi zetu za mikutano, na nyingine katika vyumba vyetu vya walimu. Dawa ya kwanza ni ndoto. Dawa ya pili ni lawama. Nia yangu katika makala hii ni kuonyesha kwamba zote mbili huzidisha maradhi, na kwamba dawa yenyewe imo katika methali ambayo mtoto wa Kiswahili huijua kabla hajajua kusoma: ahadi ni deni.

Tuanze na wauza ndoto. Ni vyuo vichache siku hizi visivyotembelewa na wahamasishaji. Mhamasishaji husimama mbele ya vijana mia tano akawaambia: andika ndoto yako katika karatasi, ibandike ukutani, itazame kila asubuhi, jione umekwisha fika, nawe utafika. Wasikilizaji hupiga makofi, hununua kitabu chake, kisha hurudi mabwenini na moyo uliowaka kama moto wa makuti: mwanga mwingi, na majivu kabla ya usiku wa manane.

Ushahidi wao mkubwa ni hadithi moja. Husimulia kwamba mwaka 1953 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliulizwa kama wameyaandika malengo yao ya maisha. Kwamba asilimia 3 tu walikuwa wameyaandika. Na kwamba baada ya miaka 20 hao asilimia 3 walikutwa na mali nyingi kuliko wenzao asilimia 97 wote kwa pamoja. Hadithi hii ina mwaka, ina hesabu, ina jina la chuo kikubwa. Ina kila kitu isipokuwa ukweli. Watu waliutafuta uchunguzi huo wasiuone, na chuo chenyewe kimekwisha sema kwamba haukufanywa. Wako wanaoihamishia hadithi hiyo Harvard na kuubadili mwaka kuwa 1979, kana kwamba uongo ukipewa nyumba mpya huwa kweli. Yatisha kwamba maneno haya husemwa chuoni, mbele ya watu waliokuja kujifunza kuuliza ushahidi, na hapana ainuaye mkono.

Lakini tuseme hadithi imeanguka. Je, shauri lenyewe halina faida? Laiti lingekuwa halina faida tu. Lina hasara. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ametumia miaka mingi kuchunguza tofauti baina ya kutarajia na kuota. Kutarajia ni kupima, kwa mambo yaliyopita, kama jambo laelekea kuwezekana. Kuota ni kulionja jambo katika fikira kana kwamba limekwisha kuwa. Yeye na mwenzake Doris Mayer, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwafuata wahitimu wa chuo kikuu waliokuwa wakitafuta kazi. Baada ya miaka miwili, wale waliokuwa wakiota sana juu ya kazi nzuri walikuwa wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache, na mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya wenzao. Sababu si ngumu kufahamika. Akili iliyokwisha kula karamu katika ndoto huamka imeshiba. Na aliyeshiba haendi shambani.

Huo ndio mwisho wa dawa ya kwanza. Dawa ya pili ina heshima zaidi, maana hutolewa na watu wa heshima, yaani sisi. Sisi hatusemi juu ya ndoto. Sisi husema juu ya tabia. Husema kwamba wako watu wenye subira na wako watu wasio na subira. Kwamba subira huonekana tangu utotoni. Kwamba kijana asiyeweza kulishika jambo la mbali ana kasoro ya nafsi, naye alaumiwe, na akishindwa aachwe. Dawa hii nayo ina hadithi yake, na tofauti na ile ya Yale, hadithi hii ilitokea kweli. Upungufu wake ni kwamba husimuliwa nusu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaweka watoto wadogo, mmoja mmoja, mbele ya kitu kitamu, peremende au biskuti. Mtoto aliambiwa kwamba akingoja hata mtafiti arudi atapata viwili. Akishindwa kungoja, atapata hicho kimoja. Miaka ikapita, watoto wale wakakua, na mwaka 1990 Mischel na wenzake wakatoa habari kwamba waliongoja zaidi utotoni walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa kuingilia chuo. Ulimwengu ukaishika habari hii kwa mikono miwili. Ikawa methali mpya: mtoto angojaye ndiye atakayefaulu, na asiyengoja amekwisha jihukumu.

Nusu iliyoachwa ni hii. Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walirudia hesabu hiyo kwa watoto zaidi ya 900 wa hali mbalimbali za maisha. Waliona kwamba uhusiano baina ya kungoja na kufaulu ulikuwa kama nusu ya ule uliotangazwa. Na walipotia katika hesabu hali ya nyumbani kwa mtoto, elimu ya mama yake na akili aliyokwisha onyesha mapema, uhusiano huo ukapungua tena kwa theluthi mbili. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile tulichokiita tabia ya mtoto ilikuwa ni nyumba ya mtoto.

Mwaka huo huo wa 2018, Bettina Lamm na wenzake walichapisha habari za jaribio la namna hiyo walilowafanyia watoto wa miaka minne wa Ujerumani na watoto wa wakulima wa Kinso, kule Kameruni. Watoto wa Kijerumani walioweza kungoja walikuwa chini ya theluthi moja. Watoto wa Kinso walioweza kungoja walikuwa karibu asilimia 70, na wengine walipitiwa na usingizi pale pale mbele ya andazi. Watafiti walilihusisha jambo hili na malezi: mtoto wa Kinso hufundishwa mapema kutuliza moyo na kuwasikia wakubwa wake. Nalitaja kwa ajili ya wale wenzetu waliozoea kusema kwamba Mwafrika hana subira ya mambo ya kesho.

Lakini jaribio lililo kiini cha hoja yangu lilifanywa katika Chuo Kikuu cha Rochester, likachapishwa mwaka 2013 na Celeste Kidd, Holly Palmeri na Richard Aslin. Watoto 28 wa umri wa miaka mitatu hata mitano waligawanywa mafungu mawili. Kabla ya kuwekewa peremende, kila mtoto alipewa kazi ya kuchora, akaahidiwa kwamba akingoja kidogo ataletewa kalamu za rangi zilizo bora kuliko zile zilizopo. Kwa watoto wa fungu la kwanza, kalamu ziliahidiwa zikaja. Kwa watoto wa fungu la pili, mtafiti alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba hazipo. Ahadi ya namna hiyo ikarudiwa kwa vibandiko vya picha: huku vikaja, huku havikuja. Ndipo ikaletwa peremende. Watoto walioona ahadi zikitimizwa walingoja, kwa wastani, dakika 12. Watoto walioona ahadi zikivunjwa walingoja dakika 3. Katika watoto 14 wa fungu la kwanza, 9 walingoja dakika zote 15. Katika 14 wa fungu la pili, mmoja tu.

Naomba msomaji alizingatie jambo hili. Watoto hawa hawakuchaguliwa kwa subira yao. Waligawanywa kwa bahati. Tofauti yao yote ilitengenezwa katika muda wa dakika chache, kwa kalamu za rangi zisizokuja. Na yule mtoto aliyekula peremende yake upesi hakuwa mpumbavu wala mlafi. Alikuwa amefanya hesabu sahihi: mtu huyu ameniahidi mara mbili akanidanganya mara mbili, kwa nini nimwamini mara ya tatu? Kwa haki ya Mischel, yeye naye alijua tangu uchunguzi wake wa mwanzo kule Trinidad, miaka ya 1950, kwamba kungoja hutegemea imani ya angojaye juu ya yule aliyeahidi. Waliosahau ni waliomnukuu.

Basi hii ndiyo hoja yangu, nami naiweka wazi ili apendaye kuipinga ajue mahali pa kupiga. Lengo la mbali ni ahadi. Ni ahadi ambayo mtu wa leo humpa mtu atakayekuwa kesho, na ambayo dunia humpa mtu huyo huyo: ukifanya hivi, utapata vile. Akili hulishika lengo la mbali kwa kadiri inavyoamini ahadi, na huamini ahadi kwa kadiri ilivyoona ahadi zikilipwa. Anayetaka kuizoeza akili, iwe yake au ya mwanafunzi wake, na aache kuipigia kelele. Na ailipe madeni yake.

Pwani yetu ina ushahidi wa jambo hili ulio mzito kuliko peremende. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wengi waliotoka utumwani walikaa katika mashamba ya watu kwa makubaliano na wenyewe. Waliruhusiwa kulima muhogo, mtama na mboga. Kupanda minazi au mikarafuu mara nyingi walikatazwa, maana katika desturi ya pwani mti ni mali ya aliyeupanda, na mti uliosimama ni dai lililosimama. Mnazi hutaka miaka sita au zaidi kabla haujazaa, kisha huzaa umri wa mtu mzima. Muhogo hutaka miezi. Basi watu hawa wakalima muhogo. Na maofisa wa serikali ya kikoloni walipowaona wanalima cha mwaka na kuacha cha milele, hawakukosa kalamu ya kuandika kwamba ni wavivu wasiofikiri kesho. Walimfunga mtu miguu, kisha wakamcheka kwamba hakimbii.

Husemwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Ni methali njema, lakini imeficha sharti: mvumilivu hula mbivu iwapo mti ni wake. Aliyeyaona maembe yake yakichumwa na wengine mara tatu, mara ya nne huyala mabichi. Na hatuna haki ya kumhutubia juu ya utamu wa mbivu.

Hapa nasikia sauti ya mpinzani, na hoja yake ni nzuri. Atasema: wewe umekuja kuwapa wavivu udhuru. Shaaban Robert aliahidiwa nini? Alizaliwa mwaka 1909, akaajiriwa ukarani na serikali ya kikoloni mwaka 1926, akaitumikia kwa sehemu kubwa ya umri wake, na pembeni ya kazi hiyo akatunga mashairi, tenzi, riwaya na insha ambazo leo ni nguzo za fasihi yetu. Kusadikika kilitoka mwaka 1951. Alipofariki mwaka 1962, Kufikirika, Utubora Mkulima na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilikuwa havijachapishwa kuwa vitabu. Dunia haikumwahidi kitu, naye aliendelea. Je, hii si tabia?

Najibu kwamba ni tabia, wala sikusema kwamba tabia haipo. Nilisema kwamba hujengwa kwa ahadi zilizolipwa. Na mlipaji wa kwanza wa ahadi ni mtu mwenyewe. Ahadi za dunia haziko mikononi mwetu zote, lakini ahadi ya mtu kwa nafsi yake i mkononi mwake. Shaaban Robert hakukaa na ndoto ya vitabu ishirini ukutani. Alipeleka mashairi yake katika gazeti la Mambo Leo, moja baada ya moja, yakasomwa. Kila shairi lililomalizika lilikuwa deni lililolipwa, na mtu aliyejilipa mara mia hujiamini mara ya mia na moja.

Tazama pia kazi ya Charles Sacleux. Padri huyu Mfaransa alifika pwani yetu mwaka 1879. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, miaka 60 baadaye, naye mwenyewe akafariki mwaka 1943. Msomaji wa haraka atasema: miaka 60, subira ya ajabu. Lakini Sacleux hakungoja miaka 60. Mwaka 1891 alikwisha toa kamusi ya Kifaransa kwa Kiswahili. Mwaka 1909 akatoa sarufi. Lengo la mbali lilikuwa limepandwa vituo njiani, na kila kituo alikifikia. Asiyekuwa na vituo hasafiri. Hutangatanga, hata kama ajua jina la mji aendako.

Sasa, kwa kuwa nimewalaumu wauza ndoto kwa kutotoa njia, yanipasa kutoa njia. Si mpya, nayo haihitaji tiketi ya kuingilia ukumbini. Mafundisho yake ni matatu.

La kwanza ni kuigeuza nia kuwa miadi. Nia husema: nitaandika tasnifu. Miadi husema: kesho, baada ya kunywa chai, nikiisha kukaa katika meza ya dirishani, nitaandika ukurasa mmoja. Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walionyesha nguvu ya tofauti hii mwaka 1997. Waliwataka wanafunzi waandike taarifa katika siku za sikukuu ya Krismasi na kuipeleka, wakati ambao kila mtu ana sababu ya kuahirisha. Wanafunzi waliotakiwa kutaja mahali na saa watakayoandika walitimiza kwa kiasi cha karibu robo tatu. Wasiotakiwa kutaja walitimiza kwa kiasi cha karibu theluthi moja. Mwenye kutaja saa na mahali amekwisha weka ahadi inayoweza kudaiwa. Mwenye kusema siku moja amejikopesha kwa mkopeshaji asiye na daftari.

La pili ni kuahidi kidogo na kulipa chote. Waalimu wa chuoni walilijua jambo hili kabla ya maabara. Mtoto hapewi Kurani nzima siku ya kwanza akaambiwa aione ndotoni kuwa amekwisha ihifadhi. Hupewa herufi, kisha sura fupi za juzuu ya Amma, ambayo ndiyo ya mwisho katika juzuu 30. Na kila siku husoma ya jana kabla ya kupewa ya leo. Sisifu fimbo iliyotumika katika baadhi ya vyuo hivyo, nasifu kipimo. Na ikiwa siku imepita bila ahadi kulipwa, na tuige hekima ya funga: aliyefungua kwa udhuru hulipa siku nyingine, wala haiachi Ramadhani nzima kwa sababu siku moja imempita. Vijana wengi hawaharibiwi na kushindwa siku moja; huharibiwa na kuifanya siku hiyo kuwa hukumu ya maisha. Deni la siku moja hulipwa kesho yake, na daftari husafishwa.

La tatu ni kuiondolea akili vita isivyo lazima kuvipigana. Nimekwisha taja jaribio la Mischel. Sasa nitaje sehemu yake iliyo muhimu kwa mafunzo, ambayo yeye, Ebbe Ebbesen na Antonette Zeiss waliichapisha mwaka 1972. Peremende ilipofichwa, watoto walingoja zaidi kuliko ilipowekwa mbele ya macho. Watoto waliofundishwa kufikiri mambo mengine ya kufurahisha walingoja zaidi. Waliotakiwa kuifikiri peremende walishindwa upesi. Hapa pana mafunzo kwa pande mbili. Kwa mwanafunzi: simu isiwe juu ya meza ya kusomea, iwe chumba kingine, maana macho yasiyoiona hayaibishanii. Kwa mhamasishaji: kuitazama zawadi kila asubuhi ndiyo njia ya kuchoka kuingoja. Anayetaka kufika na aitazame hatua iliyo mbele yake, si kilele. Akili ikitoka irudishwe, ikitoka tena irudishwe tena, pasipo matusi, kama mchungaji arudishavyo mbuzi; kurudisha huko ndiko mazoezi yenyewe.

Hayo ni ya mwanafunzi. Lakini ningekuwa mnafiki lau ningemalizia hapo, maana nusu ya hoja yangu yatuelekea sisi tulio mbele ya darasa. Nimesema kwamba akili hujifunza kuamini mambo ya mbali kwa kuona ahadi zikilipwa. Basi na tuulize: mwanafunzi huona nini akiwa mikononi mwetu?

Huona hivi. Huleta sura ya kwanza ya tasnifu mwezi Januari, akaahidiwa majibu baada ya wiki mbili. Huja Machi akaambiwa msimamizi yuko safarini. Huja Juni akaambiwa sura haionekani, alete nakala nyingine. Hutangaziwa siku ya matokeo. Siku ikafika, matokeo yasifike, na hapana atoaye sababu. Hupewa ratiba ya muhula, nayo ikabadilishwa usiku kwa tangazo la mistari miwili. Huahidiwa kwamba kitabu kitakuwapo maktabani, na muhula ukaisha. Kisha, baada ya miaka mitatu ya masomo haya, mwalimu yule yule husimama akasema kwa huzuni kwamba vijana wa siku hizi hawana malengo ya mbali.

Wenzangu, sisi tunalifanya jaribio la Rochester kila mwaka, na kalamu zetu za rangi haziji. Mwanafunzi aliyejifunza kwetu kwamba kazi iletwayo mapema hukaa mezani na iletwayo kwa kuchelewa hupokelewa vile vile, amejifunza somo, nalo ni somo sahihi. Ameona kwamba juhudi ya leo haina uhusiano na jambo la kesho. Tumemfundisha muhogo, nasi twamdai minazi.

Atajibu mwenzangu mmoja: dunia ya nje ina ahadi nyingi zilizovunjwa kuliko hizi, afadhali mwanafunzi azizoee hapa akomae. Hoja hii hutamkwa kana kwamba ni ukali wa baba mwema. Ni udhuru wa mdaiwa. Hapana amzoezaye mtu kuogelea kwa kumzamisha kila siku. Atamzoeza kuogopa maji. Watoto wa Rochester walipodanganywa mara mbili hawakukomaa, walikula upesi. Na ikiwa dunia ya nje ni ya ahadi zilizovunjwa, basi hiyo ni sababu zaidi ya kuwapo mahali pamoja ambapo kijana, kwa miaka mitatu tu, ameona neno likisemwa na kutendwa, ili atokapo ajue kwamba jambo hilo lawezekana, na alidai.

Atajibu mwingine: tuna wanafunzi wengi, walimu wachache, mishahara midogo. Haya ni kweli tupu, wala sitaki kuyapunguza. Lakini uchache wa walimu ni sababu ya kuahidi kidogo, si sababu ya kuahidi na kuvunja. Msimamizi anayejua kwamba hawezi kusoma sura katika wiki mbili na aseme miezi miwili, kisha azisome katika miezi miwili. Mwanafunzi hataumia kwa kungoja miezi miwili iliyosemwa. Huumia kwa wiki mbili zilizozaa miezi minane, maana hizo humfundisha asiamini kalenda.

Kwa hiyo nadai mambo matatu katika vyuo vyetu, nami nayadai hadharani ili nidaiwe pia. Kwanza, kila kazi ya mwanafunzi ipokewayo iandikiwe siku ya kurudishwa, kwa mkono wa apokeaye, na siku hiyo ikipita bila kazi kurudi, mwalimu ndiye atoe maelezo, si mwanafunzi aombe. Pili, muda tunaowapa wauza ndoto katika wiki za kuwakaribisha wanafunzi wapya tuwape waalimu na maktaba, wafundishe namna ya kuigawa kazi ya mwaka kuwa kazi ya siku. Tatu, tuache kuihukumu tabia ya kijana kabla hatujazihesabu ahadi alizovunjiwa.

Na kwa mwanafunzi asomaye haya, sitaki adhani kwamba nimemwondolea mzigo. Ahadi tulizomvunjia sisi ni madeni yetu, naye atudai kwa adabu na kwa maandishi. Ahadi anazojivunjia mwenyewe ni madeni yake, wala hapana mwingine wa kuyalipa. Na aanze na dogo asiloweza kushindwa: ukurasa mmoja, saa moja, mahali pamoja, kesho. Akilipa hilo, aahidi jingine. Baada ya miezi michache ataona jambo ambalo hapana mhamasishaji awezaye kumwuzia: kwamba akisema kitu juu ya mwaka ujao, nafsi yake mwenyewe yamsadiki.